Konfeti za Harusi ya Mkalimani

Kisu cha mashine kilishuka, na bunda la karatasi likagawanyika bila hata kukohoa. Mkasi, ndivyo walivyomwita pale kiwandani kwa ajili ya kazi yake na ya ulimi wake pia, alikipangusa kisu kwa kitambaa. Kisha akatoa barua mfukoni mwa aproni. Zilikuwa kumi na tisa, karatasi nyeupe, wino wa buluu. Oda nayo ilitaka mfuko mmoja wa konfeti, vikaratasi vyeupe na vya buluu vya kuwarushia maharusi mlangoni. Bwana harusi ndiye aliyeziandika barua hizo.

Wanaume wengine huposa kwa zawadi. Mkalimani aliposa kwa maneno. Miaka minne alimwandikia Mkasi kutoka kila mji alikokwenda kufasiri mikutano, kisha akamwacha kwenye mataa, tena kwa salamu za kutuma: mwambieni asinisubiri. Tangu siku hiyo Mkasi alikuwa kama aliyemeza wembe, hautoki wala haushuki.

Konfeti hukatwa ndogo kama punje za mchele. Leo aliweka kipimo cha upana wa vidole viwili, ili kila kipande kibaki na neno zima. Akilini aliwaona wageni wakijipangusa mabega, huyu akiokota "naapa", yule "kipenzi", mama mkwe akitoa "milele" kwenye kilemba, na wote wakiujua mwandiko.

Shangazi yake, mwenye kiwanda, alizitambua zile barua. Hakumkataza. Alimtegea kitendawili tu: ni kitu gani ukimtupia adui, wewe ndiye wa kwanza kuungua?

"Kaa la moto, shangazi," Mkasi alijibu. "Ila mimi nina glavu."

Shangazi akaguna, akarudi kwenye gundi yake.

Barua ya juu kabisa Mkasi aliijua kwa moyo. Mkalimani alieleza humo kwamba kwa Waitaliano *confetti* ni lozi zilizovikwa sukari, za kugawiwa harusini. Vile vikaratasi wao huviita kwa jina jingine. Wajerumani na Waingereza wakalichukua neno, wakaitema sukari, wakabaki na karatasi. Warusi hawakutaka kukosa: *konfeta* wakaifanya peremende, *konfetti* karatasi. Wareno wakasema *confete*, wakatia vyote katika mdomo mmoja. Na chini yake: "Sasa mimi nikurushie nini, sukari au karatasi?"

Alikuwa ameshika mpini wa mashine mlango ulipofunguliwa. Msichana aliyeingia alikuwa na sare ya uuguzi, macho mekundu kwa zamu. Akaamkia, akasema yeye ndiye bibi harusi, amekuja kuziangalia konfeti zake.

Mkasi alikuwa amejiandaa kumchukia huyu mtu. Alimtafutia kasoro toka utosini hadi visiginoni, akaona viatu vilivyoliwa upande mmoja.

"Dada, naomba mzikate ndogondogo," msichana alisema. "Mwenzangu anazipenda. Alinifundisha kwamba Waitaliano huziita hivyo lozi za sukari, Warusi peremende. Wareno ndio wameweka..."

"...vyote katika mdomo mmoja," Mkasi alimalizia.

Msichana akatabasamu, kisha tabasamu likakwama. "Nani kakwambia?"

Mkasi aliitazama barua, akakitazama kisu. Neno moja moja lingemwaibisha Mkalimani siku moja, na wageni wangecheka mpaka kwenye vinywaji. Aliuachia mpini.

"Keti, mdogo wangu. Isome hii. Ukimaliza, niambie niikate au nisiikate."

Msichana alisoma akiwa amesimama. Alisoma mpaka chini, akarudi juu, akasoma tena tarehe. Shangazi kule nyuma aliacha kupaka gundi.

Kisha msichana alifungua mkoba wake, akatoa bahasha iliyochakaa kwa kukunjuliwa, na ndani yake karatasi nyeupe ya wino wa buluu. Akailaza juu ya barua ya Mkasi, akalinganisha pembe kwa pembe, taratibu, kama anayefunga kidonda. Mistari ilianzia na kuishia pamoja, neno kwa neno.

"Dada," aliuliza, sauti kavu, "mashine hii inakata karatasi ngapi kwa mara moja?"