Andika NDIYO au HAPANA

Mshonaji alikuwa amemchoka mchumba wake, fundi wa majokofu, na kusema kweli nani asingechoka? Kila akiulizwa harusi lini, jamaa anapiga chenga: tutaona, subiri kidogo, Mungu akijalia. Mwaka unaingia, mwaka unatoka, na gauni la bibi harusi limening'inia kando ya cherehani linakusanya vumbi.

Basi Mshonaji akaanza masomo ya jioni ya Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na somo lililomwingia barabara likawa la kitanzi: maagizo yanayojirudia mpaka mtumiaji ajibu inavyotakiwa. Mwalimu akawaonya wasimwamini mtumiaji hata kidogo. Mshonaji nusura amkumbatie.

Jumapili mchumba akaalikwa chai. Akawekewa kompyuta mbele ya kikombe, na shangazi mtu akafunga mlango kwa ufunguo, akauegemea. Kioo kikaandika: "Utanioa? Andika NDIYO au HAPANA."

Fundi akacheka, akaandika "Tutaona". Kompyuta ikasema jibu halikubaliki, ajaribu tena. Akaandika "Nakupenda mno". Halikubaliki. Akaandika "Kwani kuna haraka gani", akaandika namba yake ya simu, akabonyeza kitufe bila kuandika kitu, mwisho akawa anaibembeleza mashine kwa mdomo kama mtu anayeomba lifti. Wapi! Chai ikapoa. Mjomba akachungulia dirishani kumshauri aizime tu, shangazi akamtolea macho, mjomba akaenda zake. Mshonaji alikuwa amekunja mikono, kichwa juu. Leo mtu huyu alikuwa amekosa pa kuchomokea, na aliyepaziba ni Mshonaji mwenyewe.

Mwishowe fundi akafuta jasho, akamtazama Mshonaji, kisha akaandika taratibu, herufi moja moja: HAPANA.

Kompyuta haikulalamika. Ikatoa maandishi makubwa ya kijani, aliyoyapamba Mshonaji kwa mikono yake: "Asante sana! Jibu lako limekubaliwa."

Kule mlangoni shangazi aliona kijani tu, akapiga vigelegele mpaka majirani wakaitikia. Mshonaji aliumia, tena aliumia haswa. Muda wote alihangaikia jibu lisilo na kona, wala hakukumbuka kuliogopa hilo la pili.

"Mfungulie, shangazi," akasema. "Kajibu."