Mkanda wa Evelio

Injini ya ile Chevrolet kuukuu ilikuwa ikigonga, ko, ko, ko, kama mtu aliye mlangoni na hakuna anayemfungulia. Nereyda alikuwa ameketi kibarazani, mikono imelala mapajani, akiisikia kama anavyosikia redio ya jirani. Tangu amzike mumewe Evelio, kila kitu kilimfikia hivyo. Moyo ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unauona ni wako, ukiugusa haujibu.

Kitu kimoja tu alikitaka. Jumamosi mnunuzi angekuja kutoka Havana. Akilichukua gari, Nereyda atafunga nyumba hii ya Placetas aende kwa binti yake Holguín, asiisikie tena sauti ya wifi yake.

Wifi mwenyewe ni Zoraida, dada wa Evelio, aliyekaa upande wa pili wa ukuta wa uani. Siku ya mazishi aliinama kumbusu kaka yake, koti la marehemu likafunuka, akaona suruali imefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo. Ilikuwa kweli. Nereyda aliutafuta mkanda wa mumewe nyumba nzima, chini ya godoro, hata kwenye banda la kuku, asiuone, na joto halimsubiri maiti. Zoraida alinyamaza mbele za watu. Kesho yake akasema juu ya ukuta: "Kaka yangu umemzika kama mzigo wa kuni." Kikombe cha kahawa kilichokuwa kikivuka ukuta ule kila asubuhi hakikuvuka tena.

"Shemeji, huyu mzee ana kikohozi kibaya," alisema Fermín, fundi na rafiki wa marehemu, kichwa chake kikiwa ndani ya boneti.

"Ni kifua au ni moyo?"

"Ngoja nimpime."

Akachukua ufagio wa Nereyda, akaegemeza ncha ya mpini kwenye injini, ncha ya pili sikioni, akafumba macho. Kisha akaanza kuzichomoa nyaya za plagi, moja moja, akirudisha kila moja kabla ya kugusa nyingine.

"Hawa ni kama watoto darasani. Ukimziba mdomo anayepiga kelele, utajua tu." Alipofika kwenye waya wa silinda ya tano, mlio ule ukafifia. "Huyu hapa, mshenzi wa tano."

Kichwa cha Zoraida kikachomoza juu ya ukuta. "Fermín, mwambie huyo aliyeketi hapo kwamba gari linamlilia mwenyewe."

"Mwambie mwenyewe, dada, ana masikio."

"Mimi na watu wa kamba hatusemezani."

Nereyda hakugeuka. Maneno yalipita kama yanamwendea mtu mwingine.

Fermín akalipandisha gari kwa jeki na magogo, akamwaga oili, akafungua karai la chini ya injini, akaingia na spana zake. Alikuwa akipiga mluzi. Baadaye mluzi ukakatika.

"Shemeji. Hebu njoo."

Nereyda akachuchumaa. Kiganjani mwa Fermín palikuwa na kipande cheusi kinachochuruzika oili, kimeungua na kulika upande mmoja. Upande wa pili kilikuwa na matundu yaliyopangana.

"Beringi ya wa tano ilishakwisha. Kuna mtu kaweka ngozi mahali pake. Ngozi ya mkanda." Fermín akajifuta jasho kwa kiwiko. "Hii ni dawa ya njiani. Inakufikisha nyumbani, basi. Na gari hili hakuna aliyekuwa akiligusa ila yeye."

Nereyda akakishika kile kipande. Akaikumbuka siku waliyotoka hospitali ya Santa Clara, yeye jicho moja limefungwa bandeji baada ya kupasuliwa, la pili lina ukungu. Daktari alikuwa amemkataza kulia na kuhangaika. Kati ya mashamba ya miwa injini ikaanza ko, ko. Evelio akasimama. "Ni paipu ya maji tu, mama. Wewe lala." Akamsikia chini ya gari akihangaika na vyuma mpaka usingizi ukamchukua. Walipofika nyumbani Evelio alimshika mkono kwa mkono mmoja, na wa pili alikuwa ameushikilia kiunoni.

"Tumbo?" Nereyda alimuuliza.

"Tumbo," akajibu Evelio.

Kabla bandeji haijatolewa, mshtuko wa moyo ulimchukua.

Sasa Fermín alikuwa akipekua sanduku la vifaa la marehemu. Akatoa chuma cha kufungia mkanda, bado kina kipande kifupi cha ngozi, kimekatwa kwa kisu. Akakiweka juu ya madigadi ya gari.

Baadaye akasema: "Sikiliza, shemeji. Nikikata ngozi nyingine, Jumamosi injini itanyamaza kama kanisa. Huyo wa Havana atalipa na kwenda zake. Nikitaka kuweka beringi ya kweli lazima niitafute, niichonge, na mnunuzi hangoji."

"Ngozi itamfikisha Havana?"

"Kwa bahati. Mimi mke wangu nisingempakia."

Nereyda aliigeuza ile ngozi mkononi. "Weka ya kweli."

"Na Holguín?"

"Nimesema weka ya kweli, Fermín."

Akainuka, magoti yakilia, akaenda mpaka ukutani, akanyoosha kile kipande upande wa pili.

"Wifi. Shika."

"Uchafu gani huu?"

"Mkanda. Alikuwa ameuweka kwenye injini ili anirudishe nyumbani. Sikujua."

Zoraida akakipokea kwa vidole viwili. Akakisugua kwa aproni, akayapitia matundu kwa kucha mpaka la mwisho, lililokaa upande na kubwa kuliko mengine.

"Hili nilimtobolea mimi," alisema. "Kwa msumari. Mwaka ule wa njaa, suruali zilipokuwa zinamvuka." Akaketi palepale kwenye ndoo iliyopinduliwa, akalia.

Nereyda akasimama ameegemea ukuta, akingoja na kilio chake kije. Hakikuja. Nyuma yake spana iligonga chuma, Fermín akamtukana mshenzi wa tano.

Zoraida akapenga kamasi, akaingia ndani. Alikaa huko kidogo.

"Sukari bado kijiko kimoja?" aliuliza kutoka jikoni.

"Kimoja."

Kikombe kikavuka ukuta. Kilikuwa cha moto. Nereyda alilijua hilo kwa sababu ilibidi akihamishe mkono.