Sharti la Kumweka Halua

Mimi nilisema mapema kuwa mbwa simtaki. Miaka sita iliyopita mume wangu Harub aliingia uani kwetu Darsait amekumbatia kijibwa cha rangi ya halua iliyoiva, alichopewa na mhandisi mmoja Mwingereza aliyekuwa akihama Muscat. Nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, na sikuinuka.

"Harub, hicho nini?"

"Mbwa wa kuwinda."

"Kuwinda nini, panya wa Wadi Kabir?"

Akacheka, maana kicheko ndiyo silaha yake tangu aliponioa. Kijana mwenyewe alikuwa na miaka sitini na mbili, kastaafu serikalini, kila siku kakaa barazani anahesabu magari. Utotoni kwao Unguja alikuwa akifuatana na baba yake minazini kupiga hua na ninga, na mtu aliyeonja uwindaji akiwa mdogo hauachi. Hapa Oman ndege wa porini hawaguswi, sheria imekataza, na Harub si mtu wa kuvunja sheria. Lakini Badr, mtoto wa kaka yake, ana shamba nyuma ya Al-Khod kuelekea milimani. Anafuga njiwa na mabata wa kula, na siku za baridi, kuanzia Novemba hadi Februari, huwaachia wachache waruke, Harub akawapiga kwa bunduki ya marisawa. Huo ndio uliokuwa msimu wetu.

Nikampa sharti. "Mtume karuhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Mbwa wa kukaa tu anampunguzia mtu thawabu kila siku, na mie zangu hazijazidi. Basi huyo nimemkubali kwa uwindaji wake. Siku utakayoacha kuwinda, na yeye anatoka. Na mie simgusi."

"Nimekubali," alisema Harub, akamwita Halua.

Halua ni wa aina ile ya mbwa wasioua. Kazi yake ni kuokota. Ndege akishapigwa akaanguka, iwe majini au michongomani, yeye humfuata na kumleta mdomoni bila kumtoboa hata ngozi. Na akimleta hamtupi chini. Hukaa mbele ya yule aliyemtuma, kichwa juu, akangoja mkono wa kumpokea. Mtu mwingine hampi, hata amwonyeshe nyama. Mabata hao walipofika jikoni niliwaosha mara saba, moja kwa udongo, kwa ajili ya mate ya mbwa, na Badr akanitania kuwa mabata wangu wanaoga kuliko bwana harusi.

Sasa nieleze kosa tulilolifanya. Ndege wa kupigwa hawi halali mpaka mpigaji amtaje Mungu, na Harub alijijua kuwa akimwona njiwa angani husahau hata jina lake. Basi akamfundisha Halua asiondoke kwa neno lolote ila bismillahi. Mzee akisahau, mbwa hatoki, na ndege haingii chunguni. Mimi mwenyewe niliisifu akili hiyo. Hatukufikiri hata mmoja wetu kuwa sisi ni Waislamu.

Nyumbani kwa Mwislamu bismillahi hutajwa mara ngapi kwa siku? Nikitia mchele chunguni, Halua katoka mbio uani, karudi na kandambili ya jirani yetu Murshid, kakaa nayo mbele yangu mpaka achoke mwenyewe, maana mie simgusi. Nikifungua mlango wa gari, kaleta shuka lililokuwa kambani. Mwezi wa Ramadhani, saa ya kufuturu, alileta viatu vya wageni kimoja kimoja akavipanga mbele ya Harub, na mgeni mmoja aliondoka na ndara za bafuni. Nikajifunza kusema bismillahi kwa kunong'ona ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Miaka mitano ikenda hivyo. Msimu huu wa juzi ndio uliokuja na kigeugeu chake. Novemba joto lilikataa kuondoka, na Harub akarudi na njiwa wawili kwa asubuhi nzima. Akasema jua lilimpiga machoni. Desemba ukaja upepo wa vumbi, akarudi na mmoja, akasema upepo unawapeperusha. Wiki ya pili yake ukungu, ya tatu mvua, ya nne joto tena kama Mei. Kila Ijumaa hali ya hewa ilikuwa nyingine na kila Ijumaa Harub alikuwa na shahidi mpya. Mimi nikamwamini, maana na mimi nguo zangu zilikuwa hazikauki kwa wakati.

Siku moja mwezi wa Januari Badr akanipigia simu. Badr ni mtu mzima wa miaka arubaini, mwenye heshima sana, na huzunguka jambo mara tatu kabla ya kulisema. Siku hiyo hakuzunguka.

"Mama Rawya, ami haoni."

"Haoni nini?"

"Haoni ndege. Anapiga kwa kusikia mbawa. Jana kapiga upande wa pampu, na mfanyakazi wangu alikuwa pale pale na ndoo. Kamkosa kwa rehema ya Mungu tu. Nimeogopa kumwambia."

Nilichukua funguo za gari, nikamwambia Harub avae kanzu, tunakwenda kwa daktari wa macho. Hakuuliza kwa nini. Hapo nikajua kuwa mwenyewe anajua siku nyingi.

Daktari, mwanamke kijana lakini mwenye upole wa mtu mzima, alimpima kwa muda mrefu, kisha akatueleza kuwa ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, kilichobaki watajaribu kukilinda kwa dawa ya matone. Gari asiendeshe tena. Nikauliza mimi kuhusu bunduki, kwa sababu Harub alikuwa anaangalia magoti yake. Daktari akatikisa kichwa.

Tulipofika Ruwi, kwenye foleni, Harub akafungua mdomo.

"Bunduki nimpe Badr."

"Vyema."

"Na Halua pia. Kule shambani ana ruhusa, atalinda. Ahadi ni ahadi, Mahbuba. Mie siwindi tena."

Miaka sita nilikuwa nikimtishia kwa sharti lile kila Halua alipochafua uani, na sasa nilikuwa nimeshinda bila kugombana. Sikufurahi hata kidogo. Nilitamani abishane, aniambie mimi ni mwanamke mwenye roho ngumu, nipate la kumjibu. Lakini alikuwa ameshageukia dirishani.

Kilichonivunja kilikuja baadaye, mezani. Tulikaa kula chakula cha mchana, wali na samaki wa Sidab aliokuwa akiwapenda sana, na Harub akaingiza mkono sahanini bila kusema neno. Nikadhani kasahau. Kesho yake tena. Siku ya tatu nikamwangalia vizuri nikaona midomo yake inatikisika. Alikuwa akiitaja bismillahi kimoyomoyo. Alikuwa hataki Halua aisikie akadhani anaitwa kazini. Na kule nje ya dirisha Halua alikuwa amesimama masikio juu, anangoja, mpaka tulipomaliza kula na kuondoa vyombo. Nilikwenda jikoni nikalia, na sikusingizia vitunguu.

Badr alikuwa aje kumchukua Halua Jumapili ya katikati ya Februari. Jumapili ikanyesha. Jumatatu wadi, lile korongo kavu lililo mbele ya shamba, likashuka na maji mengi, njia ikafungwa, na ikabaki imefungwa siku tisa. Siku tisa hizo Harub hakuondoka barazani, lakini magari hakuyahesabu. Rawya, binti yetu, alipiga simu kutoka Salala, na baba yake akamwambia kuwa yuko salama na anashukuru, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya serikali. Nikamwogopea. Macho peke yake hayaui mtu, lakini nilimwona mume wangu akipungua kwa siku, mbele yangu, na dawa yake haikuwa ya matone.

Mimi si mtu wa kurudi nyuma nikishasema. Nimelelewa hivyo, na dini sichezi nayo. Ningeweza kumwambia, basi, mwache mbwa akae tu. Lakini asingekubali, maana alijua kuwa mie nitakuwa nimekaa na dhambi kwa ajili yake. Namjua. Angemtoa usiku nisijue.

Ijumaa ya mwisho ya Februari njia ilikuwa imeshafunguliwa. Badr akatuomba tumlete Halua wenyewe na tule kwake. Niliendesha mimi. Hewa ilikuwa safi, milima imeoshwa, hata miti ya porini imetoa majani mabichi. Harub alikaa mbele na Halua nyuma.

Shambani Badr alikuwa ameshaandaa kizimba kwenye pikapu yake, cha kumzoesha mbwa asitoroke siku za mwanzo. Nilikiona, nikageuza uso. Akamweka ami yake kwenye kiti kando ya bwawa la kumwagilia, Halua akaketi ubavuni pake kama kawaida, mimi nikasimama nyuma kidogo, mbali na manyoya.

"Ami, ntapiga mie bata wa chakula," alisema Badr. "Mtume Halua, kwa mara hii."

Mfanyakazi akaachia mabata watatu kutoka ng'ambo, wakapanda juu, wakapita mbele ya jua. Badr akataja jina la Mungu kwa kunong'ona, maana neno la kumtoa mbwa tulimwachia Harub, kisha akapiga. Bata mmoja akajikunja hewani, akaangukia matete ya upande wa mbali.

Halua hakuondoka. Alitetemeka mwili mzima na kumwangalia Harub.

"Ami," alisema Badr.

"Sikuona alipoangukia," alisema Harub taratibu. "Mie simtumi mbwa mahali nisipopaona. Sijapata kufanya hivyo."

"Kaangukia kwenye matete, ami. Kule kushoto."

"Mtume wewe."

"Mie hanisikii."

Mimi nilikuwa nikimwona yule bata. Hakufa. Bawa moja limevunjika, akipiga maji kwa lile jingine, akizidi kuingia ndani ya matete, mahali ambapo mtu hafiki. Angekaa mle ateseke mpaka afe, na awe mzoga asimfae mtu. Nilimwangalia Harub, mikono yake imeshika magoti, uso wake umeelekea majini upande usio wenyewe. Moyo wangu ukakasirika, wallahi, sijui kwa nani.

"Bismillahi," nilisema, kwa sauti yote niliyonayo.

Halua akatoka. Aliruka majini, akakata bwawa lote moja kwa moja, akapotea ndani ya matete.

"Nani kasema?" aliuliza Harub.

"Mie."

"Yuko wapi sasa?"

"Kaingia mateteni. Naona majani yanatikisika. Sasa kimya. Kamkosa. Hapana, yule, kageuka kulia. Kampata, Harub. Anarudi, bata yuko mdomoni, kichwa kimeinuka, hapigi hata mbawa."

Harub alikuwa amesimama. Nilikuwa sijui kuwa nimemshika mkono.

Halua akatoka majini, akajikung'uta, akampita Badr, akampita Harub, akaja kuketi mbele yangu. Maji yalikuwa yanamchuruzika. Alinitazama na bata wake mdomoni, mzima, macho wazi, na akangoja.

"Amekaa wapi?" aliuliza Harub.

"Mbele yangu."

"Basi mpokee. Hatampa mwengine."

"Harub, mie simgusi huyu."

"Wewe ndiye uliyemtuma."

Nilimwangalia Badr, naye akaangalia buti zake. Nikapandisha mikono ya buibui, nikainama, nikamtia Halua mikono yote miwili mdomoni. Kulikuwa na joto ndani na mate mengi, na aliniachia bata kidogo kidogo, kwa adabu, mpaka alipohakikisha nimemshika. Moyo wa yule bata ulikuwa ukipiga kwenye vidole vyangu. Nikampa Badr, akamchinja pale pale.

Kisha Badr akaenda kufungua kizimba. Lazima kazi iishe, nadhani alijiambia. Akapiga mluzi, lakini Halua hakumwangalia.

"Kifunge hicho, Badr," nilisema.

"Mahbuba," alisema Harub, "mie siwindi tena. Sharti uliweka wewe mwenyewe."

"Na sharti liko pale pale. Nyumbani kwangu hakai mbwa asiye wa kuwinda. Huyu kaenda kuwinda leo, kwa neno langu, na mikono yangu inanuka mate yake. Nani kakutaja wewe?"

Mume wangu akalia mbele ya mtoto wa kaka yake, bila kujificha, na Badr akaondoka akajifanya anaangalia pampu. Mimi nikamwacha alie. Tangu kwa daktari alikuwa hajalia.

"Na mie ntafanya nini?" aliuliza mwisho, akijipangusa kwa ncha ya kilemba.

"Utanifundisha kupiga. Bunduki siijui hata mbele yake, na Novemba si mbali. Mwindaji gani huyu wa kupigiwa ndege na Badr?"

Kisha akaja nyuma yangu, akanipapasa mabega mpaka akayapata, akanigeuza kuelekea majini, safari hii upande wenyewe.

"Kwanza miguu," alisema. "Umesimama vibaya."