Siku Mama Deki Alipoufagia Msitu

Hakuna mtu aliyemwomba Mama Deki afagie msitu. Hilo liwekwe wazi mapema, maana siku yenyewe watu walianza kutafuta wa kumlaumu, na lawama ikitafutwa haikosi pa kukaa.

Alikuwa amefanya usafi hospitalini kwa miaka thelathini na minne, wodi tisa, ghorofa mbili, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Alipostaafu alihamia kwa binti yake wa pekee, katika nyumba nzuri ya vigae, na huko ndiko mateso yalikoanza. Binti alimpenda mama yake kupita kiasi. Kila Mama Deki aliposhika ufagio, binti aliuchukua.

"Mama, umefanya kazi ya kutosha. Pumzika."

"Nipumzike mara ngapi? Toka Jumatatu napumzika."

"Basi angalia televisheni."

"Nimeiangalia, na yenyewe imeniangalia. Tumechokana."

Ndiyo maana aliposikia kuna watu wanaojitolea kila Jumamosi kuutunza msitu ulio nyuma ya maghorofa, alifika wa kwanza, kitambaa kichwani na mabuti ya mpira miguuni. Ulikuwa msitu mdogo, umebanwa kati ya maghorofa, reli na gereji, lakini ulikuwa na kijito chake, njia yake moja ya miguu, na ndege wenye makelele kuliko hata wagonga mabati wa gereji. Kiongozi wa kundi alikuwa Mwalimu, mstaafu wa hesabu, ambaye mpaka leo huita mahudhurio kutoka kwenye daftari. Msaidizi wake alikuwa Kinyozi, aliyekata mitambaazi inayonyonga miti kwa uangalifu mkubwa, akirudi nyuma hatua mbili kutazama kama pande zote zimelingana. Waling'oa mitambaazi, wakaokota chupa za plastiki, kisha wakaketi chini na chupa ya chai na kutaniana mpaka mbavu zikauma. Mama Deki hakuwa amecheka hivyo tangu aage wodini.

Tatizo lilikuwa moja. Mwalimu alikuwa na utaratibu wake: mwezi wa kwanza wa mgeni ni wa kutazamana, mtu haandikwi daftarini. Mama Deki alikuwa amebakiza Jumamosi moja. Alilitaka daftari lile kwa hamu aliyoionea haya mwenyewe, hata binti yake hakumwambia. Mtu wa miaka sitini na mitatu anaanzaje kusema kwamba anatamani kuitwa jina na kujibu "Nipo"?

Kisha ikaja habari. Baraza la mji lilitaka kuamua kama msitu ulindwe kisheria au pawe maegesho ya magari, na mtaalamu angekuja kuukagua Jumamosi saa nne asubuhi. Neno lake ndilo lingesikilizwa. "Tujiandaeni," alisema Mwalimu, na hakuongeza kitu, kwa kuwa aliamini kila mtu anajua maana yake.

Mama Deki alijua vizuri sana. Hospitalini, mkaguzi akija Jumamosi, Alhamisi hulali. Basi Alhamisi na Ijumaa, binti akiwa kazini, alikodi mkokoteni, akabeba ufagio, reki na magunia, akaingia msituni peke yake. Alifagia majani makavu yote, toka kijitoni hadi relini, akayajaza kwenye magunia. Magunia aliyasukuma kwa mkokoteni, na magogo yaliyooza akayaviringisha, hadi kwenye geti la msitu, yangoje gari la taka. Kazi ilimpendeza mpaka akawa anaimba. Ijumaa jioni alisimama akautazama udongo mtupu, umechorwa mistari ya ufagio iliyonyooka, na akajiambia kwamba kesho lazima ataandikwa.

Jumamosi saa mbili na nusu Mwalimu alifika. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Hali haikubadilika.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," alisema Mama Deki, kifua mbele.

Mwalimu alikaa kwenye ukingo wa mkokoteni. Wenzake walikuwa wakifika mmoja mmoja na kusimama kando ya magunia. Kinyozi ndiye aliyeuliza.

"Mama, ile Jumamosi tulipoeleza habari ya majani, ulikuwepo?"

"Nilimpeleka mjukuu kliniki."

"Yale majani hatuyagusi. Miaka sita sasa hatujagusa hata jani moja. Humo ndimo wanamokaa konokono, majongoo, vyura, na kwenye magogo kuna mabuu ya mbawakawa. Ndege wanawala hao. Mtaalamu anakuja kuwahesabu hao hao."

Kumbe Mama Deki alikuwa amewahamisha wenyeji wote wa msitu na kuwapanga getini kama taka. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoanzia masikioni. Alifikiria kwenda zake kabla hajaambiwa aende. Angerudi kwenye vigae na televisheni, na huo ungekuwa mwisho wake.

"Ndiyo basi tena," alisema Mwalimu kwa sauti ya mtu aliye msibani. "Maji yakimwagika hayazoleki."

Neno hilo lilimwamsha. Kama kuna mtu aliyejua habari za maji yaliyomwagika, ni yeye.

"Mwalimu, maji hayazoleki. Haya ni majani."

"Magunia thelathini na moja, Mama! Tutajuaje lipi limetoka wapi?"

"Kwani nimeyachanganya?" Mama Deki aliuliza, na sasa alikuwa amekasirika. "Miaka thelathini na minne nimefanya kazi, uchafu wa wodi moja sijauchanganya na wa wodi nyingine hata siku moja. Watu hufa kwa kuchanganya! Msitu nimeugawa wodi tisa. Kila gunia lina namba. Kila gogo lina chaki. Wodi ya tatu ni kwenye bonde la kijito, wodi ya saba ni pale kwenye uyoga. Haya, nani anabeba?"

Walitazamana. Kisha Kinyozi akajitwika gunia la kwanza, na wote wakapata miguu.

Mtaa ulipata cha kutazama asubuhi ile. Watu walitoka kwenye roshani za maghorofa na miswaki mdomoni. "Wale wa kutunza msitu wamepata wazimu," mtu alipaza sauti, "sasa wao ndio wanamwaga taka!" Chini, Mama Deki aliamrisha kama sista mkuu wa zamu. Gogo hili liliangalia kijito, ligeuzeni. Hilo tumbo lake lilikuwa chini, lirudi chini. Kinyozi alinyunyiza majani kwa vidole, taratibu, kama anayempaka mteja poda shingoni. Mwalimu alimwaga gunia lake akajikuta ameingia humo mpaka magotini, akacheka, na watu waliokuwa wakimwogopa wakacheka zaidi.

Aliyeshindwa kazi ni Mama Deki mwenyewe. Kila alipomwaga majani, mkono wake uliyapanga safu.

"Mama, vuruga!" Kinyozi alimwambia. "Vuruga kama mjukuu!"

Alipiga teke moja la woga. Halafu la pili. La tatu likarusha majani mpaka kwenye kitambaa chake cha kichwa, na akashangaa kwamba maisha yote hakuwahi kuchafua kitu kwa makusudi, na kwamba raha yake ni kubwa hivyo.

Yalikuwa yamebaki magunia kumi na moja waliposikia mtu anakohoa nyuma yao. Mtaalamu alikuwa amewahi. Mwanamke wa makamo, kofia pana, kijitabu mkononi.

Mwalimu alifungua mdomo, lakini Mama Deki alitangulia mbele. "Salamu zitakuja baadaye," alisema. "Kosa ni langu. Hawa hawakujua. Nilidhani mgeni hupokelewa kwa kufagiliwa. Usiwanyime msitu kwa ajili yangu."

Mtaalamu alichuchumaa, akaingiza mkono ndani ya gunia, akatoa jongoo aliyejikunja.

"Huyu katoka wapi?"

"Wodi ya saba. Chini ya gogo lenye uyoga, upande wa kivuli."

"Na hawa konokono?"

"Wodi ya tatu, penye unyevu. Wako wengi, ile wodi imejaa."

Mtaalamu aliandika. Akauliza tena, akaandika tena, kurasa tatu. Mwishowe aliinuka, akapangusa magoti.

"Nimewaona watu wakiiba kuni, nimewaona wakitupa matairi," alisema. "Sijawahi kuona watu wanaorudisha majani kwa anwani. Nikimaliza kuzunguka nitaandika ripoti, lakini nawaambia mapema: hapa hapaegeshwi gari." Watu walipiga kelele mpaka ndege wakaruka. Yeye akamgeukia Mwalimu. "Huyu mama ni mwenzenu?"

Mama Deki aliinamisha kichwa, maana hesabu za Jumamosi alizijua: bado hakuwa daftarini.

"Leo yeye ndiye mwenyeji," alisema Mwalimu. "Sisi wengine ni wageni wake. Mama, ututangulie basi."

Mama Deki alianza kulia na kucheka pamoja, na hakujali nani anamwona. Alimshika mtaalamu mkono, akaingia naye wodi ya kwanza, na kundi zima likawafuata.

"Angalieni mnapokanyaga," aliwaambia. Maneno hayo alikuwa ameyasema miaka thelathini na minne kwa sababu ya sakafu mbichi. Leo aliyasema kwa sababu ya konokono.