Karatasi ya Cucu Nduta

Jumanne hiyo Beth alikuwa ameshafuta uji mezani, amewagawia wanawe madaftari na kuegemeza ubao mdogo kwenye friji, wakati nyanya yake, Cucu Nduta, aliyezikwa miaka kumi na mmoja iliyopita, alipoingia, akavua viatu mlangoni na kuketi kwenye kiti cha plastiki kilichobaki.

"Nimechelewa?" akauliza.

"Tuko kwa herufi m," alijibu Mitchell, mwenye miaka saba, akamsogezea penseli.

Beth aliwafundisha watoto wake nyumbani, hapo Gitothua, kwa sababu darasa la shule ya karibu lilikuwa na watoto tisini na mwalimu mmoja, na pia, ukweli usemwe, kwa sababu alipenda vitabu kupita kiasi. Kila Jumamosi alienda Githurai 45 kuchagua vya mitumba, vilivyotandazwa kwenye gunia kando ya sukuma wiki. Alisoma akisonga ugali. Alisoma gazeti lililofungiwa nyama kabla ya kuigusa nyama yenyewe. Githeri yake iliungua mara mbili kwa wiki, na watoto walikuwa wameshaizoea ladha hiyo. Mwanafunzi wa tatu hakumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba kitabu cha kusomea kilikuwa na nakala mbili tu, basi akanunua nyingine.

Cucu hakuwa mwanafunzi mpole. Alitaka kujibu wa kwanza. Alibishana na Gachau, mdogo wake Mitchell, wa miaka mitano, juu ya r na l, akishikilia kwamba hiyo ni herufi moja iliyoandikwa mara mbili na watu waliokosa kazi. Akipata tiki, alizunguka na daftari kuwaonyesha majirani. Mama Becky wa mlango wa pili alimpongeza, kisha akamuuliza kama huko aliko kuna maji.

"Siku mbili kwa wiki," alisema Cucu. "Kama hapa tu."

Kufikia Julai alikuwa anasoma ukurasa mzima. Siku moja akafunga kitabu.

"Sasa nileteeni karatasi yangu. Iko kwa Magdalene, kwa ule mkebe wa majani chai."

Magdalene, mama yake Beth, aliishi Makongeni, Thika. Aliuleta mkebe mwenyewe, akabaki amesimama karibu na mlango, mkoba kwapani. Hata Cucu alipokuwa hai, wawili hao walisalimiana kwa mkato.

"Ni ya chanjo," Cucu aliwaeleza watoto akiikunjua. "Nyapara wa shamba la kahawa aliniambia niweke kidole ndio Magdalene adungwe sindano. Nikaitunza."

Akaanza kusoma, kidole kikifuata mstari.

"Mimi... Nduta... nimekubali... mtoto wangu Magdalene... wa miaka kumi... aache shule... aanze kuchuma kahawa."

Chini yake kulikuwa na alama ya kidole gumba, zambarau.

"Umesoma zote!" alisema Gachau.

Cucu akarudia kutoka juu, polepole zaidi. Maneno yalikuwa yale yale.

"Mimi niliambiwa shule imekukataa," alisema bila kuinua macho. "Ati huwezi masomo."

"Mimi nyapara akaniambia ni wewe umenitoa," Magdalene alimwambia mama yake. "Na nilikuwa namba mbili, Maitu."

"Namba mbili?"

"Kwa watoto arobaini na mmoja."

Magdalene akaweka mkoba chini, akaketi kando ya mama yake. "Ai! Miaka hamsini na tano nimekununia bure." Wakaanza kucheka wote wawili, kicheko kilichokuwa na mengine ndani yake, mpaka Beth akawamiminia chai. Ya Cucu ilipoa bila kupungua.

Wiki hiyo Beth alienda kutafuta mtu wa kuuliza. Shamba lilikuwa limegeuka maghorofa, na mlinzi wa getini hakuwahi kusikia kwamba hapo palikuwa na kahawa.

"Na huyo nyapara?" Beth alimuuliza Cucu aliporudi. "Si mko naye huko?"

"Yuko."

"Umemwambia umeisoma?"

"Nimemwambia. Akasema nipange foleni." Cucu alichonga penseli, akapuliza unga wake. "Hata huko bado ni nyapara."

Jumatatu iliyofuata alikuja na wanawake kumi na wawili aliochuma nao kahawa, wafu wote, wakavua viatu mlangoni. Kila mmoja alikuwa amewahi kuweka kidole mahali, na kila mmoja alijua karatasi yake iko kwa nani. Mzee Ephantus wa kanisani alileta mabenchi mawili, akalalamika tu kwamba mlango ni mwembamba. Magdalene, aliyekuwa ameingia na gari la kwanza kutoka Thika, alichukua nusu ya darasa na kuipeleka uani. Hakuna aliyerudishiwa hata muhula mmoja wa shule aliyoikosa. Mitchell aligawa chaki, akawaambia wasizivunje, na Beth akaandika a ubaoni, kubwa, ili hata walio nyuma waione.