Wifi Amechoka

Wifi yangu Mirella aliletwa kwetu Mutsamudu kutoka Genoa na kaka yangu Allaoui, baharia, mwaka ule serikali ya rais wetu Ali Soilih ilipofunga ofisi zake Moroni, mji mkuu, nami nikapoteza kazi ya ukalimani wa Kiingereza. Nilirudi kwa Mama nikiwa na hasira na muda mwingi, basi tukawa tunafundishana.

Nilimpa Kiingereza: 'tired' ni aliyechoka, 'tiring' ni kinachochosha, kitenzi kimoja, mikia miwili. Akanipa Kitaliano: 'stanca', 'stancante'. Nikajiona nimeshaushika mchezo. Tulipofika 'bored' na 'boring', aliyechoshwa na jambo lisilovutia na jambo lenyewe, akaacha njia kabisa: 'annoiata', kisha 'noiosa'. Kwa nini? Hakujua. Nilicheka, nani huulizwa kwa nini anatembea vile anavyotembea?

Siku moja baada ya alasiri akasema kwa Kiingereza safi kwamba amechoka.

"Nani anakuchosha?" niliuliza, udadisi wa mwalimu tu.

Wanawake wa mtaa, akasema. Wanaingia, wanamkodolea macho, wanauliza ataondoka lini kwa mama mkwe wake. Kwao Genoa mke kukaa kwa mkwe si ajabu. Kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke, katika nyumba aliyojengewa binti na wazazi wake. Allaoui kumweka mkewe kwa mama yake ilikuwa aibu, ndiyo maana alishinda bandarini hata meli isipokuwepo.

"Anasema nini?" Mama aliuliza, ungo mkononi.

Ningeweza kusema amechoka, yakaisha. "Anataka nyumba yake, Mama."

Mama akaendelea kupepeta mchele. "Nyumba niliyonayo ni ya binti yangu."

Ilikuwa nyuma ya ukuta wetu, ikijengwa kidogo kidogo tangu nizaliwe, chumba kimoja kimeshaezekwa, na ufunguo wake nilikuwa nao mimi. Serikali ilipiga marufuku harusi kubwa, lakini Mama hakuacha kununua saruji.

"Mpe," nikasema. Moyo uliniuma hapo hapo.

Ungo ukasimama. "Na wewe, Hayati? Nani atakuoa bila nyumba?"

Mirella alinishika mkono. Alitaka kujua Mama amesema nini, maana uso wa mkwewe ulikuwa umebadilika.

Maneno nilikuwa nayo, kwa lugha zote mbili.

"Anasema umechoka, wifi," nikamwambia. "Ufunguo huu hapa. Nenda kapumzike kwako."