Chupa ya Tatu

Asubuhi moja ya mwaka ule wa kuhamia vijijini, Theodora alipanga chupa tatu mezani, katika chumba cha kupimia maji mjini Singida. Mbili zilikuwa za visima vya Mtinko. Ya tatu aliichota kwenye mtaro wa kiwanda cha ngozi, mtaro unaoishia kisimani, katika kijiji kipya alikohamishiwa mama yake, Marietha.

Chupa ya tatu ilikuwa ikipumua, taratibu, kama ng'ombe aliyelala. Kila ilipovuta, kurasa za daftari ziliinama upande wake na jiko la mafuta ya taa likafifia. Theodora akafungua dirisha, akaendelea na kazi. Alitia tindikali na dawa ya rangi ya chungwa, akachemsha. Uchafu ndio unaokula hewa ya maji, na dawa ile huonyesha ulaji wake: maji safi huiacha na rangi yake, machafu huigeuza kijani.

Ya tatu iligeuka kijani kabla haijachemka.

Bwana Antipasi, mkuu wake wa kazi, aliingia na mwenyekiti wa kijiji kile kipya, Mzee Alute. Mzee alipoiona alipiga makofi. Na nani, katika nchi ambayo mvua huahidi ikasahau, ataona kijani akanuna?

"Shikamoo, baba. Hapa kijani ni uchafu," Theodora alisema. "Mtaro ufungwe."

"Usitutie mkosi, binti."

Bwana Antipasi alijua vizuri maana ya rangi ile. "Kiwanda ni cha wananchi," alisema. "Andika kijani, basi. Namba za nini? Sikio halizidi kichwa."

Theodora aliandika namba zote. Bwana Antipasi alizikata kwa wino mwekundu, akaacha neno moja, akatia sahihi. Jumapili Theodora alikwenda kijijini.

Mtungi wa mama yake ulikuwa mlangoni, mlango wazi, upepo wa kipupwe ukiingia.

"Unavuta hewa," Marietha alieleza. "Tukiufungia ndani, sisi ndio tunakosa." Kisha akatabasamu. "Mwenyekiti katangaza mkutanoni. Maji yetu kijani! Nikawaambia, aliyepima ni mwanangu."

"Mama, usiyanywe."

"Ninywe yapi? Kisima chetu kipo kule mahameni, na kurudi ni marufuku."

Alichota kikombe. Maji yalivuta pumzi. Marietha akasubiri kwa adabu, yakamaliza, akanywa.